Mwalimu Aliyeacha Kusema "Tena"

Kati ya darasa langu na lake palikuwa na ukuta wa mbao tu, na mbao na hesabu haziivi chungu kimoja. Miaka mingi nilisimama upande wangu wa ukuta huo, pale shuleni kwetu Waithaka, nikihangaika na kugawanya kwa tarakimu mbili, huku upande wa pili darasa zima likigonga mikebe na kutikisa vifuniko vya soda vilivyotungwa kwenye waya. Kwa hivyo ukinisikia nikimsifu leo, usidhani tulianza vizuri. Nilimshtaki kwa mwalimu mkuu. Nilimshtaki kwa mkewe, nilipokutana naye kwa fundi wa nguo. Siku moja nikaona heri nimshtaki kwake mwenyewe, nikachomoza kichwa mlangoni pake nikamwambia, "Mwalimu, kwani hao watoto wanaezeka nyumba?" Akanitazama kwa ule upole wake wa kuudhi. "Umesikia hiyo ya mwisho?" akaniuliza. "Walikuwa karibu kuelewana."

Alikuwa Mwalimu wa Muziki, na hilo ndilo jina tulilomwita sote, hata majirani, hata mwenye nyumba wake. Kwao sikuwahi kumwuliza. Wengine walisema ni Magharibi, eti kwa sababu hakuweza kula ugali wa kupimiwa. Mimi nilichojua ni kwamba alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye suruali iliyoacha vifundo vya miguu nje, na raba nyeusi miguuni hata siku za mkutano wa wazazi. Viatu vya ngozi, alisema, vinapiga kelele. Alikuwa na tabia ya kusimama ghafla katikati ya njia, kidole juu, akisikiliza kitu ambacho wewe hukisikii. Ukiandamana naye kutoka stejini mpaka shuleni utachelewa, na atakayeandikwa ni wewe, maana yeye mwalimu mkuu alikuwa ameshakata tamaa naye.

Na vituko vyake, jameni! Mwalimu wa muziki, lakini kanisani haimbi. Anakaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefungwa, macho kwenye dari. Wamama wa kwaya walikasirika kweli. Mmoja alisema anaringa, mwingine akasema labda amehamia dini nyingine na anaona haya kuaga. Nilipomwuliza, alinijibu kama mtu anayeeleza jambo la wazi kabisa: "Nikiimba, siwasikii wengine." Nyumbani kwake hapakuwa na redio. Mkewe alinunua moja, ikakaa ndani ya boksi lake mpaka dada yake akaihurumia akaenda nayo.

Wakati wa mishahara, walimu kadhaa tulikuwa tukienda Kenyatta Market kula nyama choma. Sisi tunaenda kula, yeye anaenda kusikiliza. Tukipita kwenye vibanda vya kusuka nywele, wasichana wanatuita, "Kuja nikusuke, madam! Kuja uone style!" Mimi naongeza mwendo, yeye anapunguza. "Sikiza huyo," ananivuta mkono. "Anashuka mwishoni. Na yule wa pale anapanda. Nani alimfundisha? Hakuna. Ametunga mwenyewe, na ukirudi kesho utamkuta na sauti ile ile." Nikamwambia, "Mwalimu, nyama inapoa." Kweli ilikuwa imepoa tulipofika, na mkata nyama alikuwa ameshamaliza kugonga kisu chake mbaoni, kwa hivyo hata hilo alilikosa, akanung'unika nalo mpaka tukamaliza kachumbari.

Usifikirie hakujua kuimba. Kabla hajaanza mambo ya utafiti, alikuwa simba wa mashindano ya shule. Kabati la ofisi ya mwalimu mkuu lilijaa vikombe alivyovileta yeye. Alifundisha kwaya kwa ukali ambao hata mimi ulinishtua: watoto wanageuza shingo pamoja kwenye neno lile lile, wanatabasamu pamoja kwenye neno lile lile, na anayepandisha sauti pasipopandishwa anatolewa nje akalinde mifuko ya wenzake. Kisha mwaka mmoja, baada tu ya kushinda, akakataa. Alimwambia mwalimu mkuu atafute mtu mwingine. Tulidhani ameudhiwa na mtu.

"Niliwaambia waimbe kitu chao," aliniambia siku hiyo, tumekaa kwenye ngazi za darasa. "Chochote. Wakaniangalia wakaniuliza, 'Ticha, gani?' Hawa watoto wamewashinda wote, Mwalimu, na hakuna hata mmoja mwenye kitu chake." Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli.

Hapo ndipo alipojiandikisha chuo kikuu mjini, masomo ya jioni na ya likizo, kwanza uzamili, halafu uzamifu, mtu mwenye mvi tayari. Alikuwa na swali moja tu: mtoto wa shule ya msingi akiachwa atunge wimbo wake mwenyewe, anaweza kuushika? Kuutoa ni rahisi, alisema, hata mtoto mchanga anatoa. Kuushika ndiyo kazi: auimbe leo, na kesho uwe ni ule ule. Akishaushika, basi ametunga. Akishindwa, basi ilikuwa ni sauti imepita. Nilimwambia haya ni mambo ya kukaa bure. Akacheka, akaniomba nimwachie rafu moja ya kabati langu aweke mikebe.

Lakini swali hilo lilikuwa na meno, na pale shuleni sote tulijua. Mwalimu mkuu alikuwa ameukodolea macho muda wake, nusu saa ya kila Alhamisi. Alimwambia waziwazi katika chumba cha walimu, chai ikiwa mezani: "Mwalimu, maliza hiyo kazi yako. Ukinionyesha watoto wanapata kitu, kipindi kinabaki. Usiponionyesha, Madam wa hesabu anakichukua." Madam wa hesabu ni mimi. Na nilikitaka, nisimdanganye mtu. Gredi ya tatu walikuwa wanazidisha kwa vidole.

Akaanza. Kila Alhamisi anaweka kinasa sauti chake kidogo juu ya dawati la mbele, anawapa watoto mikebe na vifuniko, anawaambia watunge. Na walitunga! Nilisikia upande wangu, na nyingine zilikuwa tamu, siwezi kukataa. Shida ilikuwa inayofuata. Mtoto anaimba kitu kizuri, Mwalimu anaruka kwa furaha, "Tena!" na mtoto anaimba kitu kingine kabisa. "Tena!" Kitu cha tatu. Mwingine hivyo hivyo, na mwingine. Akaenda darasa lingine, hali ni ile ile. Akabadilisha siku, akabadilisha vyombo, akawaruhusu kukaa chini. Wapi! Kila walichotoa kilipotea hapo hapo.

Mwisho akaandika alichokiona. Watoto wa umri huu wanabuni kwa wepesi, lakini hawana uwezo wa kushika walichobuni. Sura baada ya sura, kwa lugha nzito ya chuo, lakini maana yake ilikuwa hiyo. Msimamizi wake wa chuo alifurahi, akasema matokeo yamenyooka. Kilichobaki kilikuwa kufunga kitabu na kukipeleka. Siku zile alikuwa anatembea kama mtu aliyetoka kuzika. "Kipindi ni chako," aliniambia mlangoni. Nikamwambia pole.

Kisha ikaja Alhamisi ya yule msichana. Darasa langu lilikuwa na mtihani, kwa hivyo watoto wangu walikuwa kimya na nilisikia kila neno. Alikuwa mtoto wa gredi ya tatu, mamake anauza mboga karibu na geti letu. Wiki ile maji yalikuwa yamekatwa mtaani, na yeye akatunga wimbo wa hayo hayo: *Maji imekuja, maji imeenda, nani amefunga?* Kwenye "imeenda" sauti ikateleza chini, polepole, mpaka nikaacha kusahihisha.

"Tena!" akasema Mwalimu wa Muziki.

Akaimba, lakini sasa "imeenda" ikapanda juu.

"Tena!"

Akabadilisha hata maneno. Mwalimu akasema tena mara nyingine, na mtoto akaangua kilio.

"Unalia nini sasa, mama?"

"Si kila saa unasema tena! Mimi sijui ile poa ni gani."

"Ya kwanza ilikuwa tamu sana. Nilitaka niisikie."

"Sasa kama ilikuwa tamu, mbona ukasema tena?"

Upande wa pili nikasikia kinasa sauti kikizimwa.

Saa ya chai alikuja akakaa mbele yangu, hakugusa mandazi. Huyo alikuwa mtu wa mandazi, kwa hivyo nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," akaniuliza, "ukimwambia mtoto 'tena', unamaanisha nini?"

"Namaanisha amekosa. Saba mara nane? Hamsini na nne. Tena!"

"Na akipata?"

"Akipata anakaa chini. Kwani nirudishe jibu sahihi linipeleke wapi?"

Akawageukia wengine. Mwalimu wa Kiswahili? Tena ni kosa. Mwalimu wa michezo? Tena ni umekimbia vibaya, rudi mwanzo. Mwalimu mkuu mwenyewe, gwaride la asubuhi, salamu ikiwa dhaifu: "Tena!" Shule nzima, tangu watoto waingie chekechea, neno hilo lina maana moja tu. Na yeye kwenye kwaya alilitumia hivyo hivyo. Sasa kalichukua neno lile lile akalifanya pongezi, kichwani mwake peke yake, bila kumwambia mtu. Watoto walikuwa wanatunga, wanashika, halafu wakisikia "tena" wanatii: wanatupa walichoshika, wanatafuta kingine kitakachompendeza Ticha. Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Halafu akalia kidogo pia.

"Nimewafundisha kusahau," akasema, "nikaenda nikaandika kwamba hawakumbuki."

Sasa sikiliza kilichomngojea. Alikuwa karibu kustaafu. Kitabu kilikuwa tayari. Msimamizi alimwambia, na kwa nia njema tu, aandike aya moja mwishoni, kwamba maneno ya mwalimu huenda yaliathiri watoto, kisha apeleke, avae joho, aende nyumbani kwa heshima. Kuanza upya kulikuwa na maana ya kurudi nyuma kabisa, na huenda astaafu kabla hajamaliza, akose joho na akose kipindi pia. Mkewe alinipigia simu, mimi, adui wa mikebe, akaniomba niongee naye. Nikaongea. Nikamwambia, "Mwalimu, aya moja tu. Nani atasoma?"

"Mwalimu mkuu atasoma," akasema. "Na mwingine wa shule nyingine. Watasoma kwamba watoto hawawezi, watafunga kitabu, watachukua nusu saa. Ile aya ya mwisho hawataifikia."

Nilikasirika. Nilimwambia ni mkaidi na hana huruma na mkewe. Akasema ndiyo, yote mawili ni kweli, na kesho yake akaanza mwanzo.

Tatizo likawa: asiposema "tena," aseme nini? Akajaribu "rudia." Rudia ni dada wa tena, watoto wakabadilisha vile vile. Akajaribu "nzuri sana!" Aliyesifiwa akakaa chini kwa furaha, na waliobaki wote wakaimba wimbo wa aliyesifiwa. Akajaribu kupiga makofi, mambo yakawa ni hayo. Basi Alhamisi moja niko kwangu, nasikia mtoto kaimba, halafu hakuna kitu. Kimya. Kimya tu! Hakuna tena, hakuna makofi, hakuna mkebe. Nilijua mtu ameanguka. Umri ule, mawazo yale, presha. Niliitupa chaki nikakimbia, nikafungua mlango kwa nguvu, "Mwalimu!" Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, mikono juu ya magoti, anamtazama mtoto kwa makini, hasemi neno. Darasa zima likanigeukia kwa hasira. Nilikuwa nimewaharibia.

"Samahani," nikasema, nikafunga mlango polepole. Mimi, kuomba samahani kwa kuleta kelele katika darasa la muziki!

Hakumaliza kabla ya kustaafu. Tulimuaga kwa keki na blanketi, na Alhamisi iliyofuata mwalimu mkuu akanipa ile nusu saa, nami nikaichukua, na watoto wakajua kuzidisha. Mikebe ilibaki kwenye rafu yangu. Baadaye nikasikia kwamba chuo kimempitisha, kwamba ameitwa Parklands kuwafundisha walimu wanafunzi. Mtaani wakaanza kumwita Daktari, na mwenye nyumba wake akamletea goti aliangalie. Alinitumia ujumbe zaidi ya mara moja kwamba nipite nimwone akifundisha. Nilijibu nitapita, jinsi watu wanavyojibu.

Mwaka huu macho yakanisumbua, nikaenda Parklands kwa daktari wa macho. Nilipotoka nilikuwa bado naona ukungu kwa sababu ya dawa walizonitia, na sikutaka kuvuka barabara ya magari yale hivyo hivyo. Nikakumbuka shule yake iko pale pale, nyuma ya hekalu. Askari wa geti akanipeleka. Nilimjua kwa urefu tu. Amekonda zaidi, mvi zimejaa, anasikia vizuri kuliko mimi.

"Madam wa hesabu!" akasema, na akanikumbatia mbele ya watu.

Darasani walikuwapo watoto wa gredi ya tatu na, nyuma yao, vijana wanaosomea ualimu, kila mmoja amekunja mikono magotini kwa amri yake. Nikapewa kiti. Mtoto mmoja mfupi mwenye sweta iliyomzidi alisimama, akatikisa vifuniko vyake, akaimba. Ulikuwa wimbo wa paka aliyelala juu ya gari la mtu. Kitu kidogo, kinazunguka zunguka, halafu mwishoni kinaruka juu bila kukuonya.

Hakuna aliyesema kitu. Nilikaa juu ya mikono yangu kwa sababu nilitaka kupiga makofi. Mtoto akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama mtoto. Kijana mmoja wa ualimu alikohoa, na nikamwona mwenzake akimfinya. Kimya kikaendelea mpaka nikaanza kumwonea mtoto huruma. Kisha mtoto mwenyewe akavuta pumzi, akauimba wote, kutoka mwanzo: paka yule yule, mzunguko ule ule, na mwishoni ule ule mruko. Haukubadilika hata kidogo. Nilihisi machozi, na nikajiambia ni zile dawa za macho.

"Ticha, umeishika?" mtoto akauliza.

"Bado," akasema Mwalimu wa Muziki. "Naomba unifundishe."

Akaimba, mtu mzima na shahada zake, ile sauti ambayo kanisani hatukuwahi kuisikia. Alipofika mwishoni akateremka.

"Hapana, Ticha," mtoto akasema kwa subira. "Hapo inapanda."

Akaimba, na hakupanda vya kutosha. Mtoto akamshika kidole akakiinua. "Mpaka hapa." Mwalimu akapanda mpaka pale, sauti ikamkwaruza, na watoto wote wakapiga kelele, "Eeeh!" Mtoto akamwachia kidole. "Sasa umeshika," akamwambia, akaenda kukaa.

Kengele ilipolia alinisindikiza mpaka getini, tukitembea polepole kwa sababu ya macho yangu. Hakuniuliza nimeonaje. Angeniuliza ningepata la kusema, la mzaha, tukaachana hivyo. Tulifika getini, askari akafungua, nikawa bado nimesimama.

"Uko huru kuja Waithaka siku gani?" nikamwuliza.

"Alhamisi sina darasa. Kwa nini?"

"Basi Alhamisi njoo. Saa nne na nusu, ile nusu saa nakurudishia."

"Na mwalimu mkuu?"

"Mwalimu mkuu niachie mimi."